Washa Zilizolazwa Majivuni

Kwenye msiba wa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, mwaka huu, mzee mmoja wa ukoo wetu alisimama mbele ya watu akaeleza mila za wahunzi. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kugusa chuma cha kazi. La pili, kwamba sisi chuma cha dukani hatukitumbukizi majini kama wanavyofanya wengine. Tunakilaza majivuni kipoe polepole, kama wazee wa kale walivyotuachia. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya marehemu. Sasa matanga yameanuliwa, na mdomo ni wangu.

Nimesoma madarasa mawili tu, kwa katekista, lakini kuandika naandika. Majina ya watu wote nitakaowataja ninayo kichwani, hata la mbwa wa nyapara. Sitayaandika, kwa sababu wana wajukuu, na wajukuu hawana kosa.

Baba yangu alikuwa mhunzi, upande wa Nyakahura. Babu zake walichoma mawe mekundu ya mlimani wakapata chuma chao wenyewe. Mimi nilipopata akili, Mwingereza akiwa ameshatawala, matanuri yale yalikuwa vichuguu. Majembe yalikuwa yanauzwa dukani Biharamulo, na nani achome jiwe siku tatu apate jembe moja? Baba alibaki na kiwanda chake kidogo: paa la nyasi lisilo na kuta, jiwe la kufulia chuma, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, na uzio wa matete kuzunguka. Humo alitengeneza visu, mikuki na mashoka, kwa chuma kile kile cha wazee kilichokuwa kimebaki.

Uzio ule ndio ulikuwa mpaka wangu. Mwanamke alileta maji hadi kwenye mlango wa uzio, akatua mtungi, akaondoka. Maji yalimiminwa ndani ya hori la mti, na kila chombo kilipomalizika kilitumbukizwa humo kikiwa bado chekundu. Baba alisema chuma kikitoka motoni kina kiu, na asiyekinywesha ameacha kazi nusu. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa mama yangu na pia askari wa uzio. Nikichelewa kuondoka pale mlangoni, alikohoa. Nikichelewa zaidi, alikuja na kijiti.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwali, ng'ombe wa mahari yangu wanajadiliwa. Mwaka huohuo ndipo ilipotoka amri ya kuhamisha watu. Mbung'o walikuwa wengi porini, malale yanaua, na serikali ikaamua watu wasikae mmoja mmoja msituni bali wakusanywe mahali pamoja. Jirani zetu walifunga mizigo. Baba alikataa. Alisema mlima ule ndio una makaa mazuri, na kaburi la mama liko pale, na mhunzi asiye na kiwanda ni mtu anayetembea na nyundo tu.

Ikawa bahati kwamba barabara ya kwenda Ngara ilipita chini ya mlima wetu, na kwenye kijito chenye mafunjo palikuwa na daraja jipya la magogo. Mzungu wa barabara, ambaye sote tulimwita Bwana Barabara, alikuwa na shida na daraja lile. Magogo yalifungwa kwa bolti ndefu zilizoletwa kwa sanduku kutoka Mwanza, na pamoja nazo zikaja washa, vile vibati vya mviringo vyenye tundu katikati vinavyokaa chini ya nati. Zilikuwa washa ndogo, upana wa senti kumi. Hizo ni za kukaza chuma juu ya chuma. Kwenye mti zilizama kama kisigino kwenye tope, nati ikazifuata ndani, daraja likaanza kucheza. Bwana Barabara akamwita baba.

Nilikuwa nimetua mtungi wangu nikachelewa kuondoka, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. Alisema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama fimbo, "Mzee, nataka washa pana, kama kiganja. Arobaini. Lori la chumvi linapita baada ya siku nne. Likivuka salama, nitaandika kwamba barabara inahitaji mhunzi hapa. Utabaki na kiwanda chako. Likizama, utahama na wenzako."

"Nimesikia, Bwana," baba akajibu.

Hapo ndipo kila kitu chetu kilipotundikwa: kiwanda, mlima, kaburi la mama. Kilining'inia kwenye vipande arobaini vya chuma vyenye tundu.

Chuma cha wazee hakikutosha hata washa kumi, na baba hakutaka kukimaliza. Akakusanya majembe ya dukani yaliyochakaa, akayakata kwa tindo, akayatoboa kwa moto, akayalainisha kwa nyundo. Mwisho akayanywesha maji, moja baada ya jingine, maji niliyoteka mimi. Siku tatu mlima wetu ulisikika chaa, chaa, chaa. Nilijisikia fahari. Sikujua kwamba nilikuwa nabeba maangamizi yetu kichwani.

Siku ya nne, asubuhi, nikapeleka ugali na maharage darajani. Baba alikuwa chini ya gogo la kwanza ameshika kichwa cha bolti kisizunguke. Juu alikuwa nyapara wa barabara na watu wake. Nyapara alikuwa mtu mnene wa sauti, na alikuwa na jambo lake alilolipenda kuliko chakula: kipande cha bomba. Alikichomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu maradufu, kisha watu wawili wakaning'inia juu yake. Bolti zote alikuwa amezipaka mafuta ya ng'ombe ili nati iteleze vizuri.

"Shikamoo, mzee nyapara," nikasema.

"Marahaba. Weka hapo. Usipite juu ya vyuma."

Wakavuta. Kikasikika kitu: tak.

"Imekaa hiyo," nyapara akasema.

Nikashuka kijitoni kunawa mikono. Kwenye mchanga chini ya daraja palikuwa na nusu ya washa. Nikaiokota. Mahali ilipovunjika palimetameta chembechembe, kama chumvi ya mawe. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Chuma cha wazee nilikijua, nilikuwa nachezea mabaki yake tangu utotoni. Ukikipinda kinakubali, ukikilazimisha kinachanika nyuzi nyuzi kama muwa. Hiki kilikuwa kimekatika kama kigae.

Na mimi nilishakiona kigae hicho. Kisu changu cha kumenyea muhogo kilikuwa kipande cha jembe la dukani. Siku moja kiliangukia motoni, nikakitoa kikiwa chekundu, nikakitupa kwenye maji kama nilivyozoea kusikia kunafanyika. Kesho yake nikamenya muhogo mgumu, kikakatika vipande viwili mkononi mwangu. Shangazi akanigombeza kwa uzembe, lakini sikusahau.

Nikapanda juu na kile kipande.

"Baba, hii imevunjika."

Nyapara akakipokea yeye, akakitazama, akakitupa majini. "Moja katika arobaini. Binti mhunzi, rudi jikoni."

"Jikoni ndiko nilikojulia," nikamwambia. "Chuma cha dukani hakinyweshwi maji. Kinageuka chungu. Ziko arobaini namna hii."

Watu wake wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, ng'ombe za huyu usikubali chache. Atamfundisha mume kulala." Nyapara akacheka mpaka akashika tumbo.

Baba hakucheka. Alitoka chini ya gogo taratibu, akachukua washa moja mpya kapuni, akaiweka juu ya jiwe, akaipiga nyundo mara moja. Ikawa vipande vitatu. Akachukua ya pili. Vipande viwili. Nilimwona usoni. Sijawahi kuona mtu akizeeka ndani ya muda wa kupiga nyundo mbili.

"Nimezitengeneza kama baba yangu alivyonifundisha," akasema.

"Baba yako hakuwa na jembe la dukani," nikamjibu. Lilikuwa jibu la utovu wa adabu, najua. Sikuwa na jingine.

"Lori linafika kesho asubuhi," nyapara akasema. "Mimi nakaza kwa hizi hizi. Zikivunjika ni za mhunzi, si zangu."

Tulifungua zile chache zilizokuwa zimefungwa, tukabeba kapu tukarudi mlimani, jua likiwa bado utosini. Njiani baba alisema neno moja tu: "Tufanyeje?" Hakumuuliza mtu mwingine, barabara ilikuwa tupu. Aliniuliza mimi. Nikamwambia: uzichome tena mpaka ziwe nyekundu, maji tuyamwage, tuzifukie kwenye majivu makavu zipoe zenyewe mpaka asubuhi. Akasema chuma kisichonyweshwa hakijamalizika. Nikasema basi na kisimalizike, mradi kisivunjike.

Tulipofika, mvuta mivukuto hakuwepo. Alikuwa ameshahama na ndugu zake siku hiyohiyo. Baba akasimama katikati ya kiwanda ameshika koleo, anaitazama mivukuto kama mtu anayetazama mashua isiyo na kafi. Nikavua kanga ya juu, nikajifunga kiunoni, nikapita mlango wa uzio.

Shangazi alikohoa. Niliendelea. Akaja na kijiti, akasimama pale mlangoni, maana yeye mwenyewe asingeweza kuvuka.

"Toka humo. Unaua moto wa baba yako."

"Moto ndio huu, shangazi, hauna hata hewa. Nauamsha."

"Utakuwa tasa. Nasema mbele ya wazee walioko chini ya jiwe hilo. Hutashika mtoto."

"Nitashika koleo basi."

Baba akageuza uso pembeni. Sijui kama alikuwa analia au anazuia kicheko. Nikakaa chini, nikashika vijiti vya mivukuto, kushoto kulia, kushoto kulia, kama kutwanga kwa mikono miwili. Mpaka jua linagusa mlima tulikuwa tumezichoma zote, pamoja na mpya alizokata baba badala ya zile zilizovunjika, tano tano, na kila tano tukazifukia kwenye shimo la majivu. Hori nilikuwa nimelipindua mwenyewe. Shangazi hakuondoka pale mlangoni. Aliita majina ya babu zetu wote, mmoja mmoja, awaeleze ninachofanya. Ndipo nilipoyajua yote kwa mpangilio, na mpaka leo nayajua kwa sababu yake.

Mimi niliyetabiriwa utasa nimezaa watoto saba. Naliandika hili kwa makusudi.

Alfajiri tukazifukua. Zilikuwa nyeusi, mbaya, hazing'ai. Baba akaweka moja juu ya jiwe, akapiga. Ikapinda. Akapiga tena. Ikapinda zaidi, lakini haikuachia. Akainyoosha, akairudisha kapuni.

Darajani nyapara alikuwa ameketi kwenye ukingo na bomba lake magotini. Baba akamwambia, "Leo hatutumii bomba." Hilo tulikuwa tumelizungumza njiani. Bomba linampa mtu nguvu asiyoihisi. Anavuta kama anavuta ng'ombe, na bolti haina mdomo wa kusema inaumia.

"Bila bomba, sitoi mtu," nyapara akasema. "Mkaze wenyewe. Nione."

Lazima mmoja awe chini ashike kichwa cha bolti, na mwingine awe juu na spana. Baba akanitazama. Akashuka chini ya gogo. Nikachukua spana.

Nitaeleza nilivyofanya, ili yule mzee wa msibani akitaka kubisha abishe kwa mpangilio. Kwanza nilifuta mafuta yote kwenye meno ya bolti kwa tambara na mchanga mkavu. Mafuta yanaidanganya mikono: unavuta kidogo, nati inakimbia mbali, unadhani bado kumbe umeshapita. Kisha washa pana, uso laini chini. Kisha nati, kwa vidole mpaka ikatae. Spana ilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole vyangu, na niliivuta kwa mkono mmoja, nimesimama wima, bila kuegemeza mwili. Sikumaliza bolti moja nikaenda nyingine. Nilikaza kidogo hii, nikaenda ya upande wa pili, nikarudi, nikazunguka gogo zima, kisha nikaanza tena, ili gogo lilale sawa. Magogo yalikuwa bado mabichi. Nati ikifika mahali pake mti unalia kidogo, sauti nyembamba. Ukivuta robo nyingine, unyevu unajitokeza kwenye ukingo wa washa, kama jasho juu ya mdomo. Hapo ndipo mwisho. Ukipita hapo, nyuzi za mti zinavunjika ndani, na ukirudi baada ya wiki utakuta nati imelegea wakati uliikaza kwa watu wawili. Juu ya nati hiyo nikaweka nati ya pili, nikashika ya chini isisogee kwa spana nyingine, nikaibana ya juu juu yake, zishikane.

"Anapika hapo," nyapara alisema kila nilipoinama kutazama jasho la mti. "Onja chumvi."

"Ikikolea nitakuita," nikasema.

Lori lilikuja nikiwa kwenye bolti ya mwisho. Mbele yake alikuwa Bwana Barabara ndani ya gari lake dogo. Akashuka, akanitazama, akamtazama nyapara.

"Mwanamke ndiye aliyekaza, Bwana," nyapara akasema haraka. "Mimi nilikataa. Bila bomba."

Bwana Barabara alichukua spana mkononi mwangu, akaivuta nati ya katikati ya daraja. Ikasogea.

"Bado inakwenda," akaniambia. "Kwa nini umeachia hapa?"

"Hata ukitaka ifike upande wa pili itafika, Bwana. Mti ndio hautakuwepo." Nikamwonyesha unyevu kwenye ukingo wa washa. "Ukianza kutoa maji, umesema basi."

Alipiga goti akatazama. Akairudisha nati alipoikuta. Lakini dereva wa lori, mtu mzima wa kutoka mjini, alikuwa ameshazima mashine. Alisema yeye ana watoto, havuki daraja lililokazwa na mwali kama anayefunga mfuniko wa chungu. Nyapara akaunga mkono: afadhali lizunguke, mhunzi ahame, mambo yaishe.

Nilishuka ukingoni, nikakanyaga mafunjo, nikaingia kijitoni mpaka maji yakafika chini ya magoti, nikasimama chini ya daraja, katikati kabisa. Nikaita juu, "Mwambieni apite."

Kisha nikasikia maji nyuma yangu. Alikuwa baba. Alikuja akasimama kando yangu, koleo bado mkononi, sijui alilibeba la nini.

"Ukikosea?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Hutanigombeza."

Lori likawaka. Likaja. Magogo yalishuka kidogo juu ya vichwa vyetu, upana wa kidole, mavumbi na makapi ya mti yakatuangukia machoni. Nilikuwa natazama washa. Zilitulia zimelala bapa kama mikate juu ya kikaango, hakuna iliyonyanyua ukingo. Magurudumu ya nyuma yakapita, magogo yakarudi mahali pake, na kijito kikaendelea na shughuli zake.

Bwana Barabara aliandika alichoahidi. Tulibaki mlimani, peke yetu, wengine wote wakiwa wamehama. Kabla ya kuondoka aliuliza nani atakuwa anakaza daraja kila kiangazi, maana mti ukikauka unasinyaa na nati zinabaki hewani. Nyapara alikuwepo. Shangazi alikuwepo, alikuwa ameshuka kuja kuona tunavyoaibika. Baba alisafisha koo.

"Huyu," akasema, akanisukuma bega. Spana ikabaki kwetu.

Shangazi hakunywa maji niliyoteka mimi mpaka msimu wa mahindi uliofuata. Alijitekea mwenyewe, kwa mgongo wake unaouma, na mimi nilimwacha. Kiangazi cha kwanza nilikaza nati zote robo mzunguko. Cha pili, chini ya hapo. Cha tatu nilikuwa nimeshaolewa, mume amehamia kwetu mlimani, na nina mtoto mgongoni. Washa zetu zilikaa pale mpaka walipokuja kujenga daraja la saruji, na waliozitoa walizikuta nzima.

Hori halikurudi kamwe kiwandani kwa kazi ya chuma cha dukani. Baba alichimba shimo kubwa la majivu na kila aliyekuja kujifunza uhunzi kwake alimfundisha hivyo: majembe ya dukani, majivuni. Wakimuuliza kwa nini, alisema tu ndivyo tunavyofanya sisi. Hakusema ni nani aliyeanza. Nimemsamehe hilo, alikuwa mtu wa wakati wake na alikuwa ameshasema "huyu" mara moja, mbele ya watu.

Mmoja wa waliokuja kujifunza ndiye yule mzee aliyesimama msibani. Alikaa kwetu miezi mingi. Alikula ugali wangu. Hayo majivu anayoyaita ya wazee wa kale, nilichota mimi kutoka kwenye mafiga yangu, kwa ungo wangu. Kwa hiyo aendelee kuyasimulia, ni kweli yote. Ila akifika kwa hao wazee wa kale, ageuke anitazame, maana bado nipo.